Kuandika upya sentensi za Kiingereza

Kuandika upya sentensi ni zoezi la kubadili muundo wa sentensi bila kubadili maana yake. Nchini Tanzania hutokea katika mitihani ya Kiingereza ya sekondari. Mwanafunzi wa Kalinzi, kata ya wakulima wa kahawa mkoani Kigoma, anaweza kupewa "The coffee is too hot to drink" aiandike kwa kutumia "so ... that". Jibu ni "The coffee is so hot that one cannot drink it". Wengi huteleza hapa: "too ... to" huficha ukanushi, nao sharti ujitokeze katika "cannot". Ukisahaulika, kahawa inanyweka! Kiswahili huutamka waziwazi: kahawa ni ya moto mno, hainyweki. Tena "it" ya mwishoni isiachwe. "Is" ikiwa "was", "cannot" huwa "could not".