Dawa ya mchwa: pesa yako inaingia ardhini au inaishia ukutani?

Mtu akiona fremu ya mlango imelika, neno la kwanza ni mchwa, na hatua ya pili ni kumpigia simu mpuliza dawa. Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Wadudu wanaoharibu mbao majumbani, hasa huku pwani, si wa aina moja, na dawa inayommaliza mmoja huenda isimfikie kabisa mwingine.

Uchunguzi wa kwanza ni bure. Chukua bisibisi, gonga fremu kwa mpini kuanzia chini kwenda juu, kisha choma pale panapotoa mlio wa utupu. Ukikuta udongo ndani ya mbao, au njia ya udongo yenye upana wa penseli imepanda ukutani, huyo ni mchwa wa ardhini. Ukikuta chembe ndogo ngumu zimerundikana chini ya kabati, na kwa kioo cha kukuzia kila chembe inaonyesha pande sita, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Yeye huzaliwa na kufia ndani ya mbao hiyohiyo, kwa hiyo kumwaga dawa msingini kwa ajili yake ni kumwaga hela. Unga laini na vitundu vya duara ni kazi ya bungua. Vumbi lenye nyuzinyuzi, limechanganyika na vipande vya wadudu waliokufa, ni la sisimizi wakubwa weusi. Hao hawali mbao, wanachimba humo makao, na hupenda sana iliyokwisha kulowa. Ziba bati linalovuja, badilisha kipande kilichooza, na bili yako imeishia kwa fundi wa paa.

Kumbikumbi nao huchanganya watu msimu wa mvua. Wakiangukia dirishani, tazama mabawa: ya kumbikumbi yote manne yana urefu sawa na kiuno ni kinene. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, na mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma.

Tuseme ni mchwa wa ardhini. Wakati mzuri wa kulipia dawa ni kifusi kikiwa kimeshindiliwa na zege la sakafu halijamwagwa. Kiwango kinachotumika sana ni lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo nyumba ya mita za mraba 100 inataka lita 400 hadi 500. Bomba la mgongoni la lita 16 lijazwe mara 25 au zaidi. Fundi akijaza mara mbili, akanyunyiza kifusi kikalowa juujuu, akakupa bei ya kutupa, wewe umenunua harufu.

Hesabu ya chupa nayo ifanye mwenyewe. Dawa ya mchwa iitwayo fipronili huchanganywa hadi kufikia takriban asilimia 0.06. Ikiwa chupa ina gramu 25 za fipronili kwa lita, hiyo ni mililita 24 katika kila lita ya maji, yaani takriban lita 10 hadi 12 za dawa kwa nyumba ile. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu, na bei ya kutupa itajieleza yenyewe. Dawa za jamii ya sipamethrini mara nyingi ni rahisi zaidi, lakini mchwa huzikwepa na kutafuta upenyo uliosahauliwa. Fipronili hawaihisi, huipita na kuibeba hadi kwa wenzao. Kwa sakafu yote ningelipia hiyo, mradi chupa iwe na namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya.

Nyumba ikishakamilika, gharama hubadilika sura. Nje unachimba mtaro kuzunguka msingi na kumwaga takriban lita 5 kwa kila mita kwa kila sentimita 30 za kina. Nyumba ya mita 10 kwa 10 itakunywa lita 200 kwa kina hicho kimoja. Ndani ni kutoboa sakafu kando ya kuta, na vigae vina gharama yake. Kisima kikiwa karibu, usianze kabla ya kuzungumza na mtaalamu.

Oili chafu? Inakaa juu ya mbao na kuchafua udongo, huku mchwa akiingilia upande uliogusa ukuta. Kuchimba malkia kichuguuni ni onyesho zuri, unaletewa dude nono kwenye sahani, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba wanaokula mlango wako ni wa kichuguu kile.

Kwenye mbao zenyewe, mninga na mkongo hudumu, ila ni moyo wake tu. Ukingo mweupe huliwa kama paini, nawe umelipa bei ya mninga. Kwa kenchi, paini ya dawa inatosha na ni nafuu zaidi. Ikate kipande uone rangi imezama kiasi gani, na kila ncha unayokata ipakwe dawa upya. Vipande vya kijani vinavyobaki visiende jikoni, kwani dawa ya rangi hiyo mara nyingi ina aseniki. Madirisha ya alumini yanaokoa fremu, ila mchwa aliyekosa fremu hupanda hadi kwenye karatasi ya jipsamu.

Mwenye mchwa wa mbao kavu ana njia fupi: kabati moja likiliwa, litoe nje ulichome moto, ununue jingine. Wakiwa wameingia kwenye boriti za dari, mlipe mtu apande kuzikagua moja moja kabla hujanunua dawa yoyote.