Uzazi Baada ya Kupasuliwa kwa Unene

Mwanamke mnene asiyeshika mimba, akishapasuliwa tumbo apungue uzito, huenda uwezo wa kuzaa ukamrudia upesi kuliko adhaniavyo. Nao matabibu humtaka angoje miezi 12 hadi 18, kwani mwili bado wapungukiwa na vitamini na madini.

Azuie kwa nini basi? Masahaba walifanya azl, na wanazuoni wengi wamejuzisha kwayo kuzuia mimba kwa muda. Lakini kwa haja hii azl peke yake haitoshi. Vidonge twavikhofia kwa aliyegeuziwa njia ya chakula utumboni: yamkini dawa isifyonzwe yote. Aliyepunguzwa mfuko wa tumbo tu, khofu yake ni ndogo. Kitanzi na kijiti havipiti tumboni kabisa, navyo twaona ni bora. Mume naye afuatane na mkewe kwa daktari, kabla ya kupasuliwa.