Rekodi za Mbio za Udaktari, Kutoka Garissa Hadi Mandera

Kenya haina mbio zenye wakimbiaji wengi na utepe mwembamba kama mbio za kuingia shule ya udaktari. Wala hakuna wanaozianzia mbali kama watoto wa Garissa, Wajir na Mandera. Tuzipange rekodi.

1. Umati mkubwa kuliko kaunti

Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti nzima ya Garissa, wazee, watoto wachanga na wafugaji walio malishoni wakiwemo. Wape wote kalamu, waketi, na bado madawati zaidi ya 120,000 yatabaki matupu! Waliopata A mwaka huo walikuwa 1,693: mmoja kwa kila 569 hivi.

2. Mwaka uliobana zaidi

Mwaka 2015 gredi za A zilipita 2,600. Mwaka uliofuata, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu na udanganyifu ukizibwa mianya, zilikuwa 141 tu, kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000. Mabasi matatu ya abiria 50 yangewabeba wote, na viti tisa vibaki wazi.

3. Kizingiti cha juu zaidi

Masomo 7, pointi 84. A ya jumla huanzia pointi 81. Pata A kwenye masomo sita na B kwenye la saba, akiba yako yote imeisha.

Kwa udaktari, mlango wa chini ni B katika baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili: pointi 36 kati ya 48. Lakini wanaopangiwa nafasi na KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo, katika vyuo vikubwa vya umma husimama juu ya hapo, alama zao za klasta (za kundi la masomo hayo) zikipita 40.

4. B yenye thamani kubwa zaidi

Hii ndiyo rekodi ninayoithamini kupita zote. Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na TSC, tume inayoajiri walimu, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Masomo ya sayansi ndiyo yaliyoumia zaidi. Karatasi ya tatu ya kemia ni ya maabara, na haikaririwi kwenye daftari la mwenzako. Msichana anayepata B ya kemia katika shule iliyokaa muhula mzima bila mwalimu wa kemia amemshinda mwenye A aliyekuwa na walimu watatu. Nafuu ya alama kwa maeneo yaliyoachwa nyuma ni haki yake, si hisani!

5. Safari ndefu zaidi

Shule ya udaktari kongwe zaidi Kenya iko Nairobi, tangu 1967. Kutoka Garissa ni kilomita kama 370. Kutoka Mandera ni zaidi ya 1,000, yaani Nairobi hadi Mombasa, kisha kurudi Nairobi, na bado hujafika.

6. Kambi iliyoshinda jiji

Kambi ya wakimbizi ya Dadaab, katika kaunti ya Garissa, ilifunguliwa 1991 kwa watu 90,000. Mwaka 2011 ilikuwa kambi kubwa zaidi ya wakimbizi duniani, yenye zaidi ya watu 400,000, wengi kuliko wakazi wa jiji la Kisumu katika sensa ya 2019. Watoto wake hufanya KCSE ileile, kwa karatasi zilezile, na baadhi ya waliofaulu wamefika vyuo vikuu vya Kanada kwa ufadhili.

7. Subira ndefu zaidi

Katika mfumo wa zamani wa 8-4-4: miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, kisha 6 ya udaktari, 1 ya mafunzo hospitalini. Jumla 19! Aliyeingia darasa la kwanza Wajir mwaka 2011, chuo kikuu kishiriki cha kwanza cha umma cha eneo hilo kilipofunguliwa Garissa, akienda bila kukwama hata mwaka mmoja, atatibu kwa leseni kamili karibu na 2030.