Nukta Sita za Vipofu

Katika shule ya vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, watoto husoma kwa ncha za vidole. Karatasi zao hazina wino. Zina nukta zilizoinuka, na kila herufi imepewa nafasi sita tu: tatu upande wa kushoto, yaani 1, 2 na 3, na tatu upande wa kulia, 4, 5 na 6. Herufi a ni nukta 1 peke yake. B ni 1 na 2. Nukta chache namna hii zatoshaje kuandika kila neno?

Aliyezibuni ni Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni. Charles Barbier alikuwa ametangulia kwa kutumia nafasi 12, lakini kidole hakikuweza kuzigusa zote kwa mara moja. Braille alizipunguza ziwe sita, akatoa kitabu chake mwaka 1829, naye ana umri wa miaka 20.

Hesabu yake ni hivi. Nukta moja hutoa alama 6. Kwa nukta mbili, ya kwanza yaweza kuwa yoyote katika sita, na ya pili yoyote katika tano zilizosalia, ndiyo 30. Hapa ndipo wengi wakosapo. Nukta 1 na 4 ni alama ile ile ya 4 na 1, kwani kidole hakijui ni ipi iliyotobolewa kwanza. Kila jozi imehesabiwa mara mbili; basi alama ni 15. Kwa nukta tatu, 6 mara 5 mara 4 ni 120, lakini kila tatu zaweza kutajwa kwa taratibu 6, hivyo zabaki 20. Kwa nne hakuna haja ya kuhesabu upya: kuinua nne ni kuacha mbili, nazo ni 15. Tano hutoa 6, na zote sita alama 1. Jumla ni 63.

Lau Braille angalichagua nafasi tano, angalipata alama 31 tu, na herufi za Kifaransa pamoja na zile zenye vialama juu yake zisingalienea, sembuse vituo. Hata hizo 63 si zote zilizo nyepesi kusomeka, kwa kuwa nukta iliyo peke yake huwa vigumu kwa kidole kutambua imekaa nafasi gani. Tarakimu nazo huazima herufi: alama ya nukta 3, 4, 5 na 6 ikitangulia, a husomwa 1, b husomwa 2, na kuendelea hadi j, ambayo ni 0.