Kampuni ikizama, msimamizi hutangulia kulipwa

WENGI hudhani kwamba kampuni ikifilisika, kinachofuata ni kufuli mlangoni na kengele ya mnada. Kumbe sheria ya Kenya hutoa nafasi moja ya mwisho: kampuni hukabidhiwa mtaalamu, aghalabu kutoka kampuni za uhasibu na ushauri, atazame kama inaweza kuokolewa au afadhali mali yake iuzwe ingali na thamani.

Mfano ulio karibu ni Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro, ikakua hadi kuwa na maduka makubwa yapatayo 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Wakazi wa Dar es Salaam watalikumbuka lile la Mlimani City. Januari 2018, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimteua Peter Kahi wa PKF Consulting kuwa msimamizi wake, na wakurugenzi wakapoteza kauli.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, msimamizi akishateuliwa, wadai hawawezi kukamata mali ya kampuni wala kuendeleza kesi bila idhini yake au ya mahakama. Chini ya kivuli hicho yeye hukagua vitabu, hufunga matawi yanayokula fedha na kuwasihi wenye majengo na wenye viwanda wavute subira. Hapo ndipo penye ugumu. Rafu tupu haziuzi kitu, na mwenye kiwanda ambaye hajalipwa mzigo wa jana hatapeleka wa leo ila kwa fedha taslimu.

Je, fedha zikipatikana, nani huanza? Benki iliyowekewa jengo au kiwanja kuwa dhamana hujilipa kwa dhamana hiyo. Katika mali nyingine, gharama za usimamizi hutangulia, ujira wa msimamizi ukiwamo. Hufuata mishahara ya wafanyakazi ya miezi minne ya mwisho, isiyozidi Sh200,000 kwa kila mmoja, kisha kodi. Aliyepeleka mikate au maziwa kwa mkopo, bila dhamana yoyote, husimama karibu na mwisho wa foleni.

Utaratibu huo huwaudhi wengi, nao si bila sababu: ni mtaalamu gani angeingia katika nyumba inayoungua bila hakika ya ujira? Ila kila mwezi anaokaa humo, fungu la walio nyuma hupungua. Ndiyo maana mdai mdogo hafanyi vyema kupuuza mikutano ya wadai, kwani huko ndiko mapendekezo ya msimamizi yanakopigiwa kura.

Nakumatt haikupona. Januari 2020 wadai waliamua kwa kura ivunjwe. Matawi sita yaliyosalia yalichukuliwa na mshindani wake, Naivas, kwa Sh422 milioni, ilhali madeni yalizidi Sh30 bilioni.