Madoa ya Sarafu Kongwe (2): Kijani Kilichotulia na Kijani Kinachokula

Sarafu ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, iliyoelezwa katika sehemu ya kwanza, ina mizani upande mmoja na mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Nyingi zilizobaki zina madoa ya kijani. Anayerithi sarafu kama hiyo hukimbilia ndimu, ukwaju au majivu, kama anavyosugua sinia la shaba. Sarafu hutoka nyekundu, inang'aa, na imeharibika: asidi na msuguo vimekula ngozi ya juu, na kingo za herufi zimeondoka nayo. Hasara hiyo hairudishiki.

Kabla ya kusafisha, doa litambuliwe kwanza.

Kijani kigumu, laini kwa kidole, kilichoshikamana na shaba yenyewe, ni utando uliojengeka kwa miaka mingi. Huo ni ngao, uachwe. Kijani cha hatari ni kile cheupecheupe, cha unga, kinachopukutika kikiguswa na kijiti cha meno na kuacha kishimo. Chanzo chake ni chumvi. Kwa mfano, sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimelala karne nyingi kwenye udongo wa pwani, na chumvi ya bahari ikapenya ndani. Sarafu ikifukuliwa na kukutana na unyevu na hewa, kloridi ile huzaa asidi, asidi hula shaba, kisha kloridi huzaliwa upya. Ndiyo maana unga ukifutwa leo, baada ya siku kadhaa unarudi.

Dawa yake ni subira. Sarafu hulowekwa kwenye maji yasiyo na madini, yakibadilishwa mara kwa mara kwa wiki nyingi, hata miezi, kisha hukaushwa kabisa na kuhifadhiwa pakavu pamoja na vipakiti vya silika. Maji ya bomba hayafai, kwa kuwa mara nyingi yana klorini. Sarafu adimu ipelekwe kwa wataalamu wa makumbusho.

Lipo pia doa lisilotoka ardhini: ute wa kijani unaonata, kwenye sarafu zilizokaa katika vifuko vya plastiki laini. Plastiki ya aina hiyo ikichakaa hutoa asidi. Ute huo huyeyuka kwa asetoni safi, ndani ya chombo cha kioo, penye hewa na mbali na moto. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha isitumike, maana huwa na mafuta na manukato.

Sarafu za hela 20 za Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilizogongwa mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zina doa jingine. Baadhi ni za shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Chumvi na unyevu huichomoa zinki polepole, na mahali pake hubaki baka la waridi. Anayelisugua baka hilo anasugua shaba tupu iliyojaa vitundu, na kila pitio la kitambaa linaipunguza sarafu.