Kabla ya Kununua Chaja ya Laptopu, Soma Wati

Ruhwa iko ukingoni mwa bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, mahali Rwanda inapopakana na Burundi. Kongo iko ng'ambo tu ya mto Rusizi. Juu ya mto huohuo kuna Rusizi II, mtambo wa umeme wa mwaka 1989 ambao nchi hizi tatu zinaumiliki pamoja. Lakini umeme ukikatika jioni, au chaja ya laptopu ikiharibika, mwanafunzi mwenye kazi ya kukabidhi kesho hubaki na vilivyomo nyumbani: pawabenki ya zamani au chaja ya simu. Je, vitaichaji laptopu yake?

Wengi huambiwa haiwezekani, au kwamba mashine itaungua, kisha huuziwa chaja mpya. Jibu hilo limewagharimu watu pesa bure.

Tazama maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2 ni wati 10. Chaja ya laptopu ya volti 20 na ampea 3.25 ni wati 65. Mara nyingi wati zikiwa chache utachelewa tu. Volti zisipokubaliwa ndipo hutapata kitu.

Laptopu yenye tundu la USB-C na chaja yenye mfumo wa Power Delivery hupatana kwanza: chaja hutaja volti ilizonazo, 5, 9, 15 au 20, na mashine huchagua. Isiporidhika hukataa, basi, haiungui. Baadhi ya laptopu hukubali hata volti 5 na kujaa polepole. Nyingine hazishtuki bila volti 20, na kwa hizo pawabenki ya zamani yenye tundu pana la USB pekee haina msaada.

Muda nao unahesabika. Betri ya wati-saa 50 ikipewa wati 15 huchukua zaidi ya saa tatu, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, weka nne au zaidi. Hapo mashine iwe imezimwa. Ukiiwasha na skrini ing'ae, itakula karibu wati zote zinazoingia, nawe utadhani chaja ni mbovu. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani wati-saa 74: inatosha kuijaza laptopu hiyo mara moja, kama haijachoka.

Hatari ya kweli iko kwingine. Zipo nyaya za kubadilisha zinazotoa volti 20 kwenye plagi ya duara bila kujali mashine inataka ngapi. Laptopu ya volti 12 inaweza kufa hapo. Na pawabenki iliyovimba isichajiwe tena, hata kama bado inawaka.

Rwanda ina kumbukumbu ya laptopu zinazochajiwa kwa umeme mdogo. Mwaka 2008 ilianza kugawa shuleni kompyuta za XO za mradi wa One Laptop per Child. Zilikuwa na kasoro zake, ila waliozibuni walifikiria kijiji kisicho na umeme: zilitumia wati chache sana, na betri ya gari ya volti 12 ilitosha kuzichaji. Watengenezaji wa leo wangeweza kufanya hivyo wakitaka. Ulaya imewabana kwa sheria: kuanzia tarehe 28 Aprili 2026, laptopu mpya zinazouzwa huko lazima zikubali kuchajiwa kwa USB-C. Laptopu nyingi zilizotumika Ulaya huishia katika masoko yetu, kwa hiyo faida hiyo itatufikia hata sisi, ingawa kwa kuchelewa.

Wauzaji wa Kamembe na Bugarama, hapa wilayani Rusizi, mruhusuni mteja achomeke chaja aliyo nayo kabla hajalipia mpya. Nawe mnunuzi, nenda dukani na laptopu yako mkononi, na usitoe pesa kabla ya kuona alama ya kuchaji imetokea kwenye skrini.